Orfeu alivyorudishwa Rio

Septemba 25, 1956, pazia la Theatro Municipal jijini Rio de Janeiro lilifunguliwa, na jukwaani wakatokea watu wa milimani. Tamthilia ilikuwa Orfeu da Conceição, ya Vinicius de Moraes, mshairi na mwanadiplomasia. Alikichukua kisa cha kale cha Wagiriki, cha mwanamuziki Orfeu anayemfuata mpenzi wake Eurydice hadi kuzimu, akakihamishia favela, ile mitaa ya mabanda iliyobanana vilimani juu ya jiji. Waigizaji wote walikuwa weusi. Jukwaa lilipambwa na msanifu Oscar Niemeyer. Muziki ukatungwa na mpiga piano kijana, Tom Jobim. Ushirikiano huo wa Vinicius na Jobim ndio uliokuja kuzaa nyimbo kubwa za bossa nova.

Kisha akaja mwongozaji filamu Mfaransa, Marcel Camus. Filamu yake, Orfeu Negro, iliyotokana na tamthilia hiyo, ilinyakua Palme d'Or ya Cannes mwaka 1959, halafu Oscar. Tuzo hiyo ya pili ilikwenda kwa Ufaransa, ingawa wahusika wanazungumza Kireno. Orfeu alikuwa mcheza soka, Breno Mello. Eurydice alikuwa Marpessa Dawn, Mmarekani wa Pittsburgh. Muziki wa filamu hiyo hauchoshi hadi leo. Lakini favela yake ni ya kadi ya posta: jua, ngoma, vicheko, utadhani umaskini nao ni sherehe. Vinicius mwenyewe hakuipenda. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, amesimulia katika kitabu cha maisha yake alivyoitazama na mama yake jijini New York: yeye alitamani kutoka, mama macho yamenasa kwenye skrini.

Mwongozaji filamu wa Brazil Carlos Diegues, aliyeiona tamthilia ile ujanani, alikaa na kinyongo dhidi ya filamu ya Camus miaka 40. Mwaka 1999 akatoa Orfeu, akimpa nafasi ya mhusika mkuu Toni Garrido, mwimbaji wa bendi ya Cidade Negra, huku Caetano Veloso akishughulikia muziki. Orfeu huyu anatunga samba kwa kompyuta ya mapajani. Rafiki yake wa utotoni, Lucinho, ndiye bosi wa dawa za kulevya mtaani, na polisi wanapanda mlimani na bunduki mkononi.

Tazama tu kifo kinavyokuja. Kwa Camus ni mtu aliyevaa vazi la kanivali la mifupa, anayemwandama Eurydice gizani. Kwa Diegues ni risasi ya Lucinho. Kuzimu nako hakuhitaji mizimu: ni korongo wanakotupa maiti, na Orfeu anateremka humo kumtafuta mpenzi wake.

Brazil iliipeleka filamu ya Diegues kuwania Oscar, lakini haikuteuliwa. Kwa maoni yangu mapenzi yenyewe yamebanwa mno na bunduki, kiasi kwamba wawili hao hawapati muda wa kutosha kupendana. Hata hivyo, mtaa wa Diegues una watu wanaoogopa, wanaodaiwa na wanaochagua, na hao hukuwapata kwa Camus.