Goma: Hofu ya maradhi inavyogusa maisha ya mitaani

Katika mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, maradhi ya kuambukiza huwaelemea hata wale ambao hayajawafikia. Mkazi anayeamini kuwa mtaa wake ni wa hatari hulala kwa wasiwasi na humkwepa jirani. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inaeleza afya kuwa ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa ugonjwa pekee. Kwa kipimo hicho, hofu yenyewe ni suala la afya.

Mji juu ya mwamba

Goma iko kando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo. Januari 2002 lava ya volkano hiyo ilipita katikati ya mji, na ilipoganda ikaacha mwamba ambamo ni vigumu kuchimba choo. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu miundombinu ya maji. Familia zisizo na bomba huchota maji ziwani kwa madumu, hali zikijua kuwa kipindupindu huenezwa na maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi. Wazee hawajasahau Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mjini hapo. Inakadiriwa kuwa karibu watu 50,000 miongoni mwao walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Hofu haifuati idadi ya wagonjwa

Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, na siku 3 baadaye WHO ikatangaza dharura ya afya ya kimataifa. Mlipuko huo, ulioanza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua watu 2,287, hasa katika Kivu Kaskazini na Ituri. Ndani ya Goma kwenyewe walithibitishwa wagonjwa 4 tu: wanaume 2 waliofariki, pamoja na mke na mtoto wa mmoja wao, ambao walitibiwa wakapona. Hata hivyo, mji mzima ulibadili mwenendo. Watu waliacha kupeana mikono, na tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa. Kwa mchuuzi anayevuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi, saa hizo ni chakula cha jioni.

Kipindupindu, kinyume chake, kimezoeleka. Huzuka mara kwa mara, na mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa katika saa chache. Lakini akiwahi kupata maji ya chumvichumvi na sukari au dripu, hatari ya kufa hushuka chini ya mtu 1 kati ya 100. Hivyo hofu ikizidi huwatenga watu, na ikipungua mno huwachelewesha kutafuta tiba.

Kinachoipunguza

Mzigo mzito zaidi humwangukia anayeijua hatari lakini hana uwezo wa kuikwepa. Kumwambia mama anawe mikono ilhali dumu lake la mwisho limekauka ni kumwongezea uchungu, na pengine lawama. Kwenye fukwe za ziwa, wahudumu wanaotia klorini katika madumu hupunguza vijidudu. Pia humpa mchotaji utulivu wa moyo. Ndivyo ilivyo kwa chanjo: ile ya mpox, iliyoanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, iliwapa wahudumu wa afya na watu waliokaribiana na wagonjwa kinga ya kushika mkononi badala ya onyo tupu.

Jina la mtaa likishatajwa pamoja na ugonjwa, wakazi wake hubaki wakitazamwa kwa shaka hata wagonjwa wakiisha. Kwa sababu hiyo, tangazo la kuisha kwa maambukizi linastahili kusikika kwa sauti ileile iliyotangaza kuzuka kwake.