Nani anaikagua mizani iliyoko angani?

Mizani ya bucha ikitiliwa shaka, mkaguzi huja na jiwe lenye uzito unaojulikana, analiweka, mabishano yanaisha. Haya, na kama mizani yenyewe inazunguka dunia huko juu, kama kilomita 500 kutoka tulipo?

Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990. Wengi tunaijua kwa picha zake. Lakini kazi nyingi nzito imefanywa na vifaa vinavyopasua mwanga wa nyota kuwa rangi zake, ili ijulikane nyota imeumbwa na nini na inakwenda kasi gani. Kimoja kinaitwa STIS, kilifungwa na wanaanga Februari 1997.

Wataalamu walikikagua kwa njia mbili. Kwanza, walikiwekea taa ndani yake, za platinamu, kromiamu na gesi ya neoni. Kila elementi hutoa mistari ya mwanga mahali pake pale pale, na mistari ya taa hizo ilishapimwa maabara hapa duniani. Ikiwashwa taa na mistari ikaonekana imehama, ujue kilichohama ni kifaa.

Pili, kwa ukali wa mwanga, walichagua nyota tatu za aina ya kibete cheupe: G191-B2B, GD 71 na GD 153. Uso wake ni haidrojeni karibu tupu, kwa hiyo mwanga wake unakokotoleka kwa hesabu. Hizo ndizo mawe ya mizani.

Utasema huo ni ufundi tu. Lakini mwaka 2001 ilitangazwa kwamba STIS imeona sodiamu katika hewa ya sayari HD 209458b, mara ya kwanza kwa sayari iliyo nje ya familia ya jua letu. Dalili yenyewe ilikuwa upungufu wa mwanga wa kama sehemu 2 kati ya 10,000! Kifaa ambacho makosa yake hayajulikani kingeweza kutuzulia hewa isiyokuwepo.

Agosti 2004 STIS ilizimika kwa hitilafu ya umeme. Mei 2009 Mike Massimino na Mike Good walifungua skrubu zaidi ya 100 wakaifufua. Haikuaminiwa hivi hivi. Ilipimwa upya kwanza.

Sisi waandishi tunarusha takwimu kila siku. Tunazikagua kwa jiwe gani?