Mwarobaini Mjini Babati: Jina la Dawa na Historia Yake

Mwarobaini ni mti wenye asili ya Bara Hindi, lakini jina lake liliundwa na Waswahili. Walitwaa neno arobaini, lenye asili ya Kiarabu, wakalipachika kiambishi cha ngeli ya miti, kwa imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Ngozi inayowasha huoshwa kwa maji ya majani yaliyochemshwa. Moshi wa majani hayo hufukuza mbu. Sayansi nayo imethibitisha kuwa mbegu zake zina azadiraktini, kemikali inayozuia wadudu kula na kukua.

Jina hilo lilipofika Babati, mji ulio kando ya ziwa, lilikuta lugha za familia tatu: Kigorowa na Kiiraqw za Kikushi, Kibarbaig cha Kiniloti, na Kirangi cha Kibantu. Aghalabu jina la Kiswahili ndilo linalowaunganisha wasemaji hao sokoni. Hata hivyo, mimea ya asili ya mahali hapo ina majina katika lugha hizo, na jina likisahauliwa, kijana hawezi tena kuiulizia dawa yenyewe.

Mwaka 2002, mwaka ulioanzishwa Mkoa wa Manyara, ilitungwa pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria hiyo inamhusu mganga na dawa. Majina ni jukumu la wanaisimu. Kiswahili kilichoipokea arobaini kutoka ng'ambo hakishindwi kupokea majina ya mimea kutoka kwa Wagorowa.