Mpira Kati ya Chuma na Chuma

Magari ya mwanzo yalipiga kelele toka mbele hadi nyuma. Injini ilikazwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, na kila pistoni iliposukumwa, mtetemo ulipita kwenye chuma, ukapanda sakafuni, ukamfikia dereva mikononi kupitia usukani. Chini yake magurudumu yalibebwa na springi za mapande zilizorithiwa kutoka magari ya kukokotwa na farasi. Kila maungio ya springi hizo yalikuwa pini ya chuma ndani ya tundu la chuma, na grisi ndiyo iliyozuia vyuma hivyo visilane. Mwenye gari aliyezembea kupiga grisi alianza kusikia mlio, mlio ukawa mgongano, na mwisho pini ikalika.

Kilichobadilisha hali hiyo ni mpira, lakini mpira wenyewe ulichukua muda mrefu kufika hapo. Utomvu mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa unakuwa imara na kubaki na mnepo wake, naye akapata hataza mwaka 1844. Tangu hapo viwanda vya Ulaya na Marekani vikawa na njaa ya utomvu isiyoshiba, na njaa hiyo Afrika inaijua vizuri. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wanavijiji walilazimishwa kuvuna mpira wa mwituni kwa bunduki na kiboko, na wengi walikufa. Kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo, mpira wa kamba za porini ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga, lakini bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, mengi yakafa. Watu wa ukanda huu waliujua mpira kwa jasho na damu kabla ya wengi wao kuupanda ukiwa umegeuzwa kuwa tairi.

Kwa muda mrefu tairi ndilo lililomeza sehemu kubwa ya mpira wa magari. Kuuweka mpira chini ya injini, kwa makusudi na kwa hesabu, ni habari iliyopamba moto mwaka 1931.

Mwaka huo kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Plymouth PA lenye mfumo ulioitwa Floating Power. Tatizo lililokuwa mezani ni la injini ya silinda nne. Haijalishi imetengenezwa vizuri kiasi gani, injini ya namna hiyo hutikisika mara mbili kila kranki inapozunguka mara moja, na kila mlipuko ndani ya silinda hutaka kuipindua injini nzima upande. Matajiri walikwepa kero hiyo kwa kununua silinda sita au nane. Wahandisi wa Chrysler hawakujaribu kuizuia injini isitikisike. Waliiacha itikisike, ila mahali walipotaka wao. Waliweka mpira mmoja juu upande wa mbele na mwingine chini upande wa nyuma, hivi kwamba mstari unaounganisha mipira hiyo miwili unapita karibu na kitovu cha uzito wa injini. Injini ikawa inayumba kwenye mhimili wake yenyewe, na chesisi ikapumzika. Kipande cha springi kilichofungwa pembeni kiliizuia isiyumbe kupita kiasi.

Ulikuwa mwaka wa mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ambapo gari la bei nafuu lililotulia kama la bei kubwa lilikuwa na soko. Citroën ya Ufaransa ilichukua leseni ya teknolojia hiyo, na mwaka 1932 magari yake yenye injini ya kuelea yalianza kuonekana yakiwa na nembo ya bata maji anayeogelea.

Kwenye miguu ya gari mapinduzi yalikwenda kimyakimya zaidi. Kati ya vita kuu mbili, bushi za mpira uliobanwa katikati ya mirija miwili ya chuma zilianza kuchukua nafasi ya pini na grisi. Wafaransa waliziuza kwa jina la Silentbloc. Siri ya bushi ya namna hii ni kwamba hakuna kitu kinachoteleza. Mkono wa gari unapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojipinda kisha kujirudisha. Hauhitaji grisi. Unahitaji tu kuachwa ukiwa safi, na kubadilishwa siku zake zikitimia.

Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilitangaza Consul na Zephyr, magari yaliyotumia mguu wa mbele uliobuniwa na mhandisi Earle MacPherson: shokapu na springi katika mhimili mmoja uliosimama, chini ukishikwa na mkono mmoja, juu ukiegemea kifuniko chenye mpira na beringi. Ni muundo mwepesi, wa bei ndogo, na sehemu zake si nyingi. Leo uko chini ya sehemu kubwa ya magari madogo yanayopita mbele ya macho yetu. Afrika Mashariki iliupima mapema. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi, mawe na matope ya msimu wa mvua, na mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiendesha Ford Zephyr.

Kisha zikaja zama za Peugeot. Modeli ya 404, iliyotoka mwaka 1960, ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kushindana na ushahidi wa namna hiyo. Modeli ya 504 iliyofuata mwaka 1968, hasa ile ndefu yenye safu tatu za viti na springi nne za koili nyuma, ikawa teksi ya masafa marefu Kenya nzima. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni ya 504 mwaka 1983, lakini huku Afrika iliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye.

Mhandisi wa Ulaya alilihesabia gari lake barabara ya lami. Hapa barabara ilikuwa makorongo, gari likapakiwa watu na mizigo kupita kiasi, likasafiri mchana na usiku. Mpira ndio uliokuwa wa kwanza kusalimu amri, na aliyebaki kuwajibika ni fundi.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti kuhusu ajira nchini Kenya na kuutambua uchumi wa watu wanaofanya kazi nje ya mfumo rasmi, wale walioitwa baadaye jua kali. Kwa upande wa Tanzania, mwanahistoria Joshua Grace alichapisha kitabu mwaka 2021 kinachowatazama mafundi magari kama watu waliozalisha teknolojia, na wala si waigizaji wa kilichobuniwa kwingine. Yuko sahihi kabisa. Mtu aliyekutana na gari lisilo na kitabu wala vipuri, akalirudisha barabarani, alifanya uhandisi.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ndiyo iliyowapa mafundi wa Tanzania mtihani mgumu kuliko yote. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Vita vya Kagera vikala hazina, fedha za kigeni zikaadimika. Bushi mpya haikupatikana kwa urahisi. Ndipo tairi kuukuu likawa duka la vipuri. Fundi alikata kipande chake kwa kisu kilicholowekwa maji, akatoboa tundu, akakichonga duara na kukigongelea mahali pake. Bushi hiyo haikugandishwa kwenye chuma kama ya kiwandani, kwa hiyo ilisuguana na kuisha upesi. Lakini gari lilitembea, mgonjwa akafikishwa hospitali, mazao yakafika sokoni. Masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, na baadaye magari yaliyotumika Japani yalipomiminika, vipuri vilirudi dukani, vingine vizuri na vingine vya kusikitisha.

Magari hayo ya Japani yalikuja na mambo yake. Mengi yana maunti, yaani mipira ya kubebea injini, zenye kimiminika ndani: vyumba viwili vilivyotenganishwa na kijitundu, na kimiminika kikilazimika kupita humo, mtetemo humezwa. Mpira ukipasuka kimiminika huvuja, injini huketi chini, na usukani huanza kutetemeka gari likiwa limesimama kwenye taa, gia ikiwa D na kiyoyozi kimewashwa. Ukirudisha N, mtetemo unapungua. Fundi mwenye uzoefu husikiliza hilo kabla ya kufungua boneti. Kisha humwambia msaidizi akanyage breki kwa nguvu na kubadilisha kutoka D kwenda R, yeye akisimama pembeni kutazama injini inanyanyuka kiasi gani.

Milio ya chini nayo ina lugha yake. Ko-ko-ko nyepesi kwenye barabara ya kokoto mara nyingi ni stabilaiza linki. Ngo moja nzito wakati wa kuondoka au kufunga breki ni bushi ya mkono wa chini, au maunti. Mlio unaotoka juu ya gurudumu usukani ukikatwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye kifuniko cha shokapu. Mafundi hawa hawakufundishwa darasani kutofautisha milio hiyo. Walirithishana kwa kulala chini ya gari, mmoja akitikisa kwa mtaimbo na mwingine akishika chuma kwa kiganja ili asikie mgongano unatoka wapi. Elimu hiyo inastahili kuandikwa kwa heshima ileile tunayoipa michoro ya kiwandani.

Kuna desturi mbili hata hivyo ambazo historia hii inatusaidia kuziacha. Ya kwanza ni kuimwagia oili bushi inayolia. Hayo ni mazoea ya enzi za pini na grisi, na kwenye mpira wa asili oili huingia ndani, huuvimbisha na kuuozesha. Mlio unanyamaza wiki chache, kisha bushi inakatika. Ya pili ni kukaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kwa kuwa mpira hautelezi, gari likishushwa chini bushi inabaki imejipinda muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, na mpya iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inachanika mapema. Gari lishushwe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo bolti zikazwe mwisho.

Sasa gereji zinapokea magari ya mseto, ambayo injini yake huzimika na kuwaka tena mara nyingi katika safari moja, na kila inapowaka maunti hupokea mshtuko. Mabasi ya umeme nayo yameanza kuonekana Nairobi. Hayana ngurumo ya injini, na ngurumo hiyo ndiyo iliyokuwa ikificha mengi: bushi iliyochoka ambayo isingesikika kwenye basi la dizeli inasikika waziwazi hadi kiti cha nyuma. Kwa fundi wa miguu ya gari, kazi imeongezeka.