Utepe mwekundu katika jani la msonobari: jinsi kuvu inavyoingia na kukua

Mwishoni mwa miaka ya 1950, misonobari aina ya Pinus radiata iliyopandwa katika nyanda za juu za Tanganyika ilianza kupukutisha majani. Muda si mrefu, hali hiyo ikaonekana pia nchini Kenya. Chanzo kilikuwa kuvu ndogo iitwayo Dothistroma septosporum, na madhara yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hizo mbili ziliacha kupanda aina hiyo ya mti.

Msonobari huo asili yake ni pwani ya California, nchini Marekani, ambako majira ya joto hupita karibu bila mvua. Ulipendwa kwa sababu hukua upesi na kutoa mbao na malighafi ya karatasi. Katika milima ya Afrika Mashariki, hata hivyo, ulikutana na mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, mazingira ambayo kuvu hiyo huyahitaji ili istawi.

Maambukizi huanza kwa maji. Mbegu za kuvu, ambazo hazionekani kwa macho, hutoka katika vijipu vyeusi vilivyo juu ya majani yaliyokwisha kuugua. Matone ya mvua huzirusha kutoka jani hadi jani na kutoka mti hadi mti, na ukungu huweza kuzipeleka mbali zaidi. Mbegu inapotua juu ya jani lenye unyevu huchipua na kutoa uzi mwembamba. Uzi huo hauwezi kupenya kwa urahisi ngozi ngumu ya jani iliyofunikwa kwa nta, hivyo hutambaa hadi kwenye vitundu ambavyo mti huvitumia kuvuta hewa, na humo ndimo unamoingilia.

Ndani ya jani, nyuzi husambaa taratibu kati ya seli na kuzalisha sumu iitwayo dothistromini. Kwa muundo wake wa kikemia, sumu hiyo ina undugu na sumukuvu ya aflatoksini, inayofahamika sana kwa kuharibu mahindi na karanga. Dothistromini huua seli za jani, na kuvu hujilisha kutokana na seli hizo zilizokufa.

Dalili huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kujitokeza. Kwanza huonekana madoa ya manjano, kisha madoa hayo hugeuka kuwa utepe wa rangi nyekundu ya matofali unaolizunguka jani. Sehemu ya jani iliyo mbele ya utepe hukauka, ilhali sehemu ya chini, karibu na tawi, hubaki kijani. Katikati ya utepe, vijipu vyeusi hupasua ngozi ya jani, na mvua inayofuata huchukua mbegu mpya. Hapo mzunguko huanza upya.

Kwa mwenye shamba, utepe huo ndio alama ya kutofautisha ugonjwa na ukame, kwani ukame kwa kawaida hukausha jani bila kuacha utepe. Ugonjwa pia huanzia matawi ya chini na majani ya zamani, kisha hupanda juu. Mti unaopoteza majani hupungukiwa na chakula, kwa kuwa usanisinuru hufanyika humo. Hudumaa, na ukishambuliwa mwaka baada ya mwaka huweza kufa. Miti michanga ya Pinus radiata ndiyo huumia zaidi; inapokomaa hupata ustahimilivu.

Nchini New Zealand, ambako ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1964, mti huo haukuachwa. Mashamba hunyunyiziwa kwa ndege dawa yenye shaba, ambayo huua mbegu za kuvu kabla hazijaingia ndani ya jani. Kupogolea matawi ya chini na kupunguza miti iliyosongamana pia husaidia, kwa sababu hewa hupita na majani hukauka upesi baada ya mvua.

Kenya na Tanzania zilifuata njia nyingine. Zilibadilisha mti na kuchagua Pinus patula wenye asili ya Mexico, ambao hustahimili ugonjwa huo. Leo ndio msonobari unaotawala katika mashamba mengi, likiwemo la Sao Hill wilayani Mufindi, pamoja na mashamba ya wananchi wa kawaida wanaopanda miti kama akiba ya kusomeshea watoto.

Uamuzi huo uliokoa upandaji miti, lakini uliacha sehemu kubwa ya misitu ya kupandwa ikitegemea aina moja ya msonobari. Kilichotokea kwa Pinus radiata ni ukumbusho kwamba mti unaostawi leo unaweza kukutana na adui mpya kesho. Ndiyo maana wataalamu wa misitu husisitiza miche itoke katika vitalu visivyo na ugonjwa na majani yakaguliwe mara kwa mara, hasa msimu wa mvua.