Mauaji ya 1888: London haijamjua muuaji, Tshopo haijamjua mtoto

Mwaka 1888 unakumbukwa sana Uingereza kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Kuanzia tarehe 31 Agosti hadi tarehe 9 Novemba, wanawake watano waliuawa kwa kisu mashariki mwa London, ndani na kandokando ya mtaa wa maskini wa Whitechapel. Muuaji hakukamatwa. Barua moja iliyotumwa kwa shirika la habari mwezi Septemba ilitiwa saini ya Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji, na jina hilo likabaki. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba barua yenyewe iliandikwa na mwandishi wa habari aliyetaka magazeti yauzwe.

Mwaka huohuo, Kisangani ilikuwa ikiitwa Stanley Falls, na liwali wake alikuwa Hamed bin Muhammed, anayejulikana kama Tippu Tip. Huku pia watu waliuawa, na habari zao zilifika London. Tofauti ni kwamba huku majina ya wakubwa waliohusika yanajulikana, na asiyejulikana ni aliyeuawa.

Washukiwa wengi, ushahidi kidogo

Kwa zaidi ya miaka 130 watu wamebahatisha Jack alikuwa nani. Mwaka 1894 mkubwa mmoja wa polisi ya London, Melville Macnaghten, aliandika majina matatu. La kwanza ni Montague Druitt, ambaye maiti yake ilitolewa mtoni Thames mwisho wa Desemba 1888. Macnaghten alimwita daktari mwenye miaka 41, kumbe alikuwa mwalimu na wakili wa miaka 31. La pili ni Kosminski, Myahudi kutoka Poland aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. La tatu ni Michael Ostrog, mwizi na tapeli. Baadaye iligunduliwa kwamba wakati wa mauaji Ostrog alikuwa gerezani Ufaransa.

Ni mkubwa wa polisi aliyeandika hayo, tena mwenye mafaili mkononi. Lakini yeye mwenyewe aliingia kazini mwaka 1889, mauaji yakiwa yamekwisha kupita. Baada yake wametajwa mchoraji Walter Sickert, mjukuu wa malkia Victoria, madaktari na wachinjaji. Mwaka 2014 shali moja ilitolewa pamoja na vipimo vya DNA, ikasemwa kwamba Kosminski ndiye. Wataalamu wakauliza shali hiyo ilitoka wapi na ilishikwa na watu wangapi kwa miaka yote hiyo. Jibu la kutosha halikupatikana.

Kubahatisha huko kulikuwa na bei yake. Mapema Septemba 1888 mtaa mzima ulikuwa unamtafuta mtu aliyeitwa “Aproni ya Ngozi”. Polisi wakamshika fundi viatu Myahudi, John Pizer. Alionyesha alikokuwa usiku wa mauaji, akaachiliwa. Lakini watu walikwisha kuanza kuwatukana na kuwatisha Wayahudi barabarani. Usiku wa tarehe 30 Septemba, maneno ya chaki yaliyowataja Wayahudi yalikutwa ukutani, karibu na kipande cha nguo chenye damu. Mkuu wa polisi, Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla ya jua kuchomoza, kwa kuogopa umati ungevamia nyumba za watu wasio na hatia. Hadi leo wengine wanamlaumu kwamba alifuta ushahidi. Yeye alipima uhai wa watu wa mtaa ule.

Kuna kazi London iliifanya vizuri

Muuaji hajulikani, lakini wanawake wale wanajulikana: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Walikuwa maskini, na karibu wote hawakuwa na nyumba ya kudumu. Inajulikana kwamba Nichols alizaa watoto watano, na kwamba Stride alizaliwa Sweden.

Majina hayo hayakujileta yenyewe. Sheria ya Uingereza ilitaka kila kifo cha namna hiyo kichunguzwe hadharani. Nichols alipookotwa, hakuna aliyemjua. Polisi wakaona chapa ya nyumba ya maskini ya Lambeth kwenye nguo yake ya ndani, wakaifuata, wakampata mwanamke aliyelala naye pale, ndipo mume wake akaitwa. Majirani, waume na marafiki waliapishwa, na maneno yao yakaandikwa.

Msichana wa Riba-Riba

Kwenye mto Aruwimi, hali ilikuwa nyingine. Tarehe 28 Juni 1887, Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya kwenda kumtafuta Emin Pasha. Aliacha nyuma kikosi chini ya Meja Edmund Barttelot, wengi wao wakiwa Wazanzibari na Wasudani. Walingoja wapagazi wa Tippu Tip karibu mwaka mzima. Njaa, maradhi, muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri na viboko viliwamaliza wengi.

Mwezi Mei 1888, msaidizi wa Barttelot, James Sligo Jameson, wa ukoo wa watengeneza wiski wa Ireland, alikuwa njiani kurudi kutoka Kasongo kutafuta wapagazi. Alipofika Riba-Riba, ambayo leo ni Lokandu katika Maniema, alitoa vitambaa sita. Msichana mwenye umri wa karibu miaka kumi akaletwa, akauawa kwa kisu mbele yake, akaliwa. Baadaye Jameson alichora picha. Mkalimani wake, Assad Farran, aliyaeleza hayo, na mwezi Novemba 1890 magazeti ya London yakayachapisha. Jameson mwenyewe aliandika kwamba alitoa vitambaa akidhani ni mchezo, hakuamini wangeua kweli. Hakufikishwa mbele ya korti yoyote: homa ilimuua tarehe 17 Agosti 1888.

Wakubwa walibishana miezi mingi kuhusu heshima ya Jameson. Hakuna aliyerudi Riba-Riba kuuliza msichana yule aliitwa nani, alitekwa kijiji gani, mama yake ni nani.

Linganisha na kifo cha Barttelot. Alipigwa risasi huko Banalia tarehe 19 Julai 1888, alipokwenda kumkataza mwanamke kupiga ngoma na kuimba alfajiri. Mume wa mwanamke huyo, Sanga, ndiye aliyefyatua. Alikamatwa, akahukumiwa Stanley Falls, akauawa kwa risasi mwanzoni mwa Agosti. Wiki chache zilitosha. Kumbe uchunguzi uliwezekana huku pia, ilitegemea nani amekufa.

Hesabu ya leo

Jambo hili halikuisha na karne ile. Katika vita ya siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na karibu 1,700 waliojeruhiwa. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa makosa ya jeshi lake katika Congo. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Majaji walisema ushahidi walioletewa haukutosha kujua hesabu kamili ya waliokufa. Nani alipiga, ilijulikana. Orodha ya waliopigwa ndiyo ilipungua.

Familia zilizokimbia mzozo wa Mbole na Lengola upande wa Lubunga zinasikia kila siku maneno ya “ni watu fulani waliofanya”. Whitechapel inaonyesha maneno hayo yanafika wapi: fundi viatu asiye na kosa alishikwa, kabila zima likatishwa, na muuaji akaendelea kutembea. Kumtafuta muuaji ni kazi ya polisi na tribinali, na anatafutwa mtu mmoja mmoja kwa jina lake.

Lakini kuandika waliokufa, kila familia inaweza kuanza leo. Daftari la shule linatosha: jina lote la marehemu, la baba na la mama, umri, kijiji, siku na mahali alipouawa au alipoonekana mara ya mwisho, nguo alizovaa, na majina ya walioshuhudia. Nakala moja ibaki kwa ndugu anayeishi mahali pengine, kwa sababu nyumba zinaungua na karatasi zinalowa mvua. Chapa moja kwenye nguo ilitosha kumrudishia Mary Ann Nichols jina lake.