Mbegu Isipimwe kwa Siku Peke Yake: Mizizi na Fosforasi Migwani

Ukiulizia mbegu Migwani, huko Kitui, kwanza utatajiwa siku za kukomaa. Mahindi ya Katumani, yaliyopewa jina la kituo cha utafiti kilichoko Machakos na kuanza kuenea miaka ya 1960, yalijipatia sifa kwa kuwahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Sifa hiyo ni ya haki, kwani hata mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, zinazotegemewa zaidi Ukambani, huweza kuondoka bila kuaga. Ila hesabu ya siku imefunika swali jingine: je, mbegu hii inajua kujitafutia chakula ardhini?

Udongo mwekundu wa Kitui na Makueni kwa kawaida una uhaba wa nitrojeni na fosforasi, na sehemu ya fosforasi hiyo imenaswa na chuma. Nitrojeni iliyo katika naitreti husafiri na maji na kuzama. Fosforasi haisogei, mzizi ndio huifuata, nayo hukaa zaidi tabaka la juu. Mtafiti wa mizizi Jonathan Lynch na wenzake wameonyesha kwamba aina za maharagwe zenye mizizi inayotambaa juu na vinyweleo virefu huvuna fosforasi zaidi kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba mizizi hiyo ya juu huikosesha mimea maji yakishazama. Kwa Migwani huu ni mtego hasa: tabaka lenye chakula ndilo linalokauka kwanza, na katika udongo mkavu mzizi hauambulii kitu.

Mbaazi imejipatia njia yake. Mwaka 1990 Noriharu Ae na wenzake, wakitafiti nchini India, walieleza kwamba mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki, inayokamata chuma na kuiachia fosforasi. Lakini hiyo ni tofauti ya zao na zao. Tusiirukie kana kwamba kila aina ya mbaazi ina uwezo uleule. Hilo hupimwa, halikisiwi.

Nalo halipimiki penye mbolea tele. Mbegu zikichujwa katika vitalu vilivyoshiba, mvivu na mchapakazi hutoa mavuno yanayokaribiana, kisha tofauti yao hujitokeza kwa mkulima asiye na mfuko hata mmoja wa mbolea. Wapo watakaopinga kwamba mbegu hodari wa kunyonya itachosha ardhi upesi zaidi. Wana haki. Gunia la mbaazi likishapakiwa lori, fosforasi yake imeondoka nalo, na samadi ya zizi bado inahitajika. Mbegu haiumbi rutuba, huitumia tu.

Ndiyo maana napendekeza majaribio yapandwe bila mbolea, tena kukatiza ngazi ya fanya juu, yaani shamba lililokingwa kwa tuta la udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa chini, nyuma ya tuta, hukusanya maji na udongo uliosombwa. Wa juu hubaki mwembamba na mkavu. Aina inayostawi chini tu na ile inayojikaza pande zote mbili zisiandikiwe alama moja.